Linux na Windows katika diski moja: historia ya namna ordinatere za zamani zilivyookolewa

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni Microsoft ilifunga msaada wa kawaida wa Windows 10. Windows 11 inaomba RAM ya 4 GB, chipu ya usalama TPM 2.0, na kwa upande wa Intel karibu kila mara prosesa ya tangu mwaka wa 2017. Ordinatere nyingi tunazonunua hapa mashariki mwa Congo zilikwisha kutumiwa na watu wengine kabla ya kutufikia, na nyingi hazifiki kipimo hicho. Ndiyo maana siku hizi jina la Linux linasikika kwa mafundi. Lakini wakaaji wengi wanaogopa: wanafikiri kuweka Linux ni kufuta Windows pamoja na memware ya mwanafunzi na hesabu za duka. Historia inaonyesha kwamba tangu mwanzo hizo mbili ziliwekwa kukaa pamoja.

Mwaka wa 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa chuo kikuu cha Helsinki, inchini Finland, alinunua mashini yenye prosesa 386, kwa deni la kulipa kidogo kidogo. Mashini ilikuja na DOS. Yeye akaongeza Minix, programu ya masomo, katika sehemu nyingine ya diski, na juu ya hiyo akaanza kuandika ya kwake. Siku moja alitaka modemu yake ipigie simu ordinatere ya chuo. Kwa kukosea, amri zikaenda kwenye diski na kuharibu sehemu ya Minix. Badala ya kuirudisha, aliamua kutegemea kazi ya mikono yake. Mwezi wa Septemba mwaka huo akatoa Linux ya kwanza, na mwaka wa 1992 akaiweka chini ya ruhusa ya GPL, inayompa kila mtu haki ya kuitumia, kuibadilisha na kuigawa.

Mwaka huohuo wa 1992 Werner Almesberger alianza LILO, programu ndogo inayoamka kwanza mashini inapowashwa na kuuliza: leo unataka ipi? Mimi naona hiyo ndiyo kazi iliyofungua njia kwa watu wa kawaida, ingawa jina lake halitajwi sana. Bila swali hilo, mtu angelazimika kuchagua upande mmoja milele.

Kazi ngumu zaidi ilikuwa diski yenyewe. Windows XP, iliyotoka mwaka wa 2001, iliweza kupanga mafaili kwa mtindo wa NTFS, na Microsoft haikutoa maelezo kamili ya mtindo huo. Linux iliweza kusoma, lakini kuandika humo kulikuwa hatari. Mhungaria Szabolcs Szakacsits alitengeneza chombo cha kupunguza sehemu ya Windows bila kuifuta, kisha NTFS-3G, ambayo toleo lake imara lilitoka mwaka wa 2007. Tangu hapo barua iliyoandikwa upande mmoja ingeweza kurekebishwa upande mwingine.

Wakati huo Ubuntu ilikuwa imekwisha kuzaliwa, Oktoba 2004, chini ya Mark Shuttleworth wa Afrika ya Kusini. Jina lake halihitaji mkalimani kwetu: ni utu. CD zake zilitumwa kwa posta bila malipo mpaka mwaka wa 2011. Mwaka wa 2008 ikaleta Wubi, iliyoingia ndani ya Windows kama programu nyingine yoyote, na kuondolewa vilevile. Ilikuwa rahisi sana, lakini haikuvumilia umeme kukatika ghafla, na kwetu umeme hauombi ruhusa. Iliachwa mwaka wa 2013.

Windows 8, ya mwaka wa 2012, ilileta ugumu mwingine: kuzima kwake si kuzima kamili. Inalala nusu ili iamke haraka, na Linux ikiona hivyo mara nyingi inakataa kuandika katika sehemu ya Windows. Lazima mwenye mashini azime kwanza hiyo njia ya haraka.

Kuna pia jambo la saa, linalosumbua watu bure. Windows inaandika katika saa ya ndani ya mashini wakati wa pale ulipo. Linux inaandika wakati wa dunia, UTC, kisha inajumlisha. Bukavu, Goma na Lubumbashi ziko masaa 2 mbele ya UTC. Basi ukitoka Linux na kufungua Windows, saa inaweza kurudi nyuma masaa 2. Kwa ndugu zetu wa Kinshasa ni saa 1. Fundi asiyejua hilo atakuuzia betri mpya. Dawa ni kuiambia Linux itumie wakati wa hapa, na haigharimu hata franga moja.

Lakini mtu asidanganywe kwamba Linux haimwachi mtu nyuma. Desemba 2012 watengenezaji wake waliondoa msaada wa prosesa 386, ile ileile ambayo Torvalds alianzia, na yeye mwenyewe alikubali bila kusikitika. Ubuntu iliacha kutoa CD ya bit 32 kwa ordinatere za mezani mwaka wa 2017. Debian 13, ya Agosti 2025, haiwekwi tena kwenye mashini ya bit 32. Kwa hiyo kabla ya kumlipa fundi, umuulize kwanza kama prosesa yako ni ya bit 64. Ikiwa ni ya bit 32, atafute Debian 12, iliyotoka Juni 2023, ambayo bado inaikubali, na anakili mafaili yako kwenye kle ya USB kabla ya kugusa diski.