Ligi za soka Afrika Mashariki wakati wa korona (2020)

Mgogoro uliozuka Machi 2020, janga la UVIKO-19 liliposimamisha msimu wa 2019/20, kuhusu nani aamue hatima ya ligi: serikali, shirikisho au klabu.

Tanzania Bara. Michezo ilisimamishwa tarehe 17 Machi. Rais John Magufuli aliiruhusu kuanzia 1 Juni. Ligi Kuu ilirejea 13 Juni, na Simba ikatwaa ubingwa uwanjani, wa tatu mfululizo.

Kenya. Tarehe 30 Aprili, rais wa shirikisho la soka la Kenya (FKF), Nick Mwendwa, aliufuta msimu na kuitangaza Gor Mahia, iliyoongoza msimamo, kuwa bingwa. Kampuni iliyoendesha ligi, KPL, ilipinga, ikisema shirikisho halikuwa na mamlaka hayo.

Uganda. Mei, shirikisho la soka la nchi hiyo, FUFA, liliipa Vipers ubingwa kwa kuwa zaidi ya robo tatu ya mechi zilikuwa zimechezwa.

Zanzibar. Soka la Unguja na Pemba lina shirikisho lake, ZFF. Bingwa wa msimu huo alikuwa Mlandege.

Tofauti hizo zilionyesha umuhimu wa kanuni zilizoandikwa kabla ya dharura.