Unahamia Diani na Mtoi? Soma Hii Kabla Ulipe Dipositi

Najua venye ilianza. Mlienda Diani Desemba, mkalala hoteli siku tatu, mtoi akacheza kwa mchanga hadi akalala na ndoo mkononi. Ukamcheki mama mtoi ukamwambia, "Lakini si tunaweza tu ishi hapa?" Sai uko kwa simu usiku unatafuta keja.

Poa. Diani ni kuzuri, sitakudanganya. Lakini Diani ya Desemba na Diani ya Mei ni kama miji miwili, na rent utalipa miezi yote 12. Ukichagua mtaa na akili ya likizo, utaishi na hiyo makosa ukiwa umevaa akili ya kazi.

Mimi nilichagua hivyo. Keja niliipenda kwa picha: ukuta mweupe, mnazi mbele, broka ananiambia "bichi ni dakika tano." Dakika tano kweli, lakini kwa boda, na hiyo boda saa nane usiku haipo. Nilijua hiyo maneno wiki ya tatu, mtoi wetu wa miezi 8 akiwa na homa, na sisi tunatembea kwa njia ya mchanga na tochi ya simu kutafuta lami. Alipona. Lakini mwisho wa mwezi tulihama, na dipositi haikurudi. Broka aliingia mitini.

Kwa hivyo hii hapa ni ramani na maswali ambayo ningetaka mtu aniambie mapema.

Ramani kwanza

Watu wa Kanairo wakisema "Diani" wanachanganya vitu viwili. Kuna Ukunda, mji wenyewe, ambao umekaa kwa barabara kuu ya kutoka Likoni kwenda Lunga Lunga, mpaka wa Tanzania. Halafu kuna Diani Beach Road, ambayo inafuata ufuo, na hoteli zimepangwa kati yake na bahari. Kutoka Ukunda hadi Beach Road ni kilomita 2 au 3 hivi, na katikati hapo ndio utapata uwanja wa ndege wa Ukunda.

Hizo kilomita chache ndizo zinabadilisha maisha yako yote: bei ya nyanya, aina ya maji, majirani, hata kelele za usiku.

Beach Road ni safi, imetulia mchana, supermarket ziko, na mtoi anaweza kuona bahari kila jioni. Shida ni kwamba nyumba nyingi za hapo zimejengwa zikimwangalia mgeni, sio mpangaji. Mwenye nyumba anajua Desemba anaweza kupata kwa wiki moja ya Airbnb doo ambayo wewe unampa kwa mwezi. Kwa hivyo usishangae ukiambiwa Novemba kwamba "kuna ndugu anakuja kutoka ng'ambo." Ukilazimika kuishi huko, andikiana mkataba wa mwaka mzima, na uhakikishe unapita Desemba na Januari. Ahadi ya mdomo hapo ni story za jaba.

Halafu kuna wale wanyama. Mbega, wale weusi na mabega meupe, hao ni watu wa heshima, wanakula majani yao. Wamewekewa hata madaraja ya kamba juu ya Beach Road wasigongwe na magari. Wenye utaona moto ni kima, tumbili na nyani. Ukiacha dirisha la jikoni wazi na ndizi mezani, utapata maganda tu. Ukiwa na mtoto anayetembea na biskuti mkononi, weka wavu kwa madirisha kabla hujanunua televisheni.

Ukunda ndio mahali wanaoendesha Diani wanaishi: wapishi, walinzi, madereva wa tuktuk, walimu, manesi. Soko liko, mama mboga yuko kila kona, mathree za Likoni zinapita mchana kutwa. Mitaa ni mingi, Mvindeni, Mabokoni, Bongwe, Mwakamba na mingine, na ndani ya mtaa mmoja utapata kona imetulia na kona ya vurugu. Usiamini mtu akikuambia mtaa mzima ni mbaya au mzima ni mzuri. Enda mwenyewe saa mbili usiku, simama dukani, nunua maziwa, usikize. Taa ziko? Watu wanatembea? Kina mama wanarudi kazini peke yao bila kukimbia? Hiyo nusu saa itakuambia mengi kuliko broka.

Kama unaniuliza mimi, familia changa inayoanza iishi upande wa Ukunda, karibu na lami, na bichi iende Jumamosi na tuktuk. Si ati Ukunda ni paradiso. Kuna joto, kuna vumbi, na nyumba zimebanana. Lakini ukikwama, utapata mtu.

Tiwi, kaskazini kidogo, ni kimya sana na kuzuri, ila bila gari au pikipiki yako utasota. Galu na Kinondo, kusini, ni hivyo hivyo. Mji wa Kwale uko juu kwenye vilima vya Shimba, una hewa baridi na ofisi za kaunti, na kama kazi yako ni ya serikali ama ya intaneti, ucheki hata kama hakuna bahari.

Maji, maji, maji

Hii ndio sehemu watu wa bara hawaulizi, na ndio inakula pesa. Ufuo wa huku umekaa juu ya mwamba wa matumbawe. Mwamba una matundu matundu, kwa hivyo maji yanapita rahisi. Kisima kilicho karibu na bahari kinaweza kuleta maji ya chumvi, hasa kikivutwa sana. Na kwa sababu nyumba nyingi zinatumia mashimo ya choo, uchafu nao unaweza kupita kwa huo mwamba hadi kisimani.

Sasa fanya hivi. Ukienda kuona keja, usiangalie tu vigae. Beba kipande cha sabuni. Fungua mfereji, osha mikono. Sabuni ikikataa kutoa povu, hayo ni maji ya chumvi, na utanunua mengine ya kupika na ya kuoga mtoto, mtungi kwa mtungi kutoka kwa jamaa wa mkokoteni. Uliza: mfereji huu ni wa kampuni ya maji ya Kwale au ni wa kisima? Yakikatika, yanakaa siku ngapi? Tangi liko? Kisima na shimo la choo viko umbali gani? Hilo la mwisho mwenye nyumba ataona ni ufala. Uliza tu. Jibu lolote atakalokupa, maji ya mtoi chemsha au weka dawa.

Na usimuulize mwenye nyumba peke yake. Gonga mlango wa jirani, piga hodi vizuri, salimia. Jirani hana kitu cha kukuuzia.

Saa nane usiku

Chora safari ya hospitali kabla ya safari ya bichi. Hospitali za binafsi ziko Diani na Ukunda, lakini uliza mapema kama wako na daktari usiku na kama wanachukua SHA kwa kile unachohitaji, kwa sababu kusajiliwa SHA na kutibiwa bila kutoa doo ni vitu tofauti. Hospitali kubwa ya umma ni ile ya rufaa ya kaunti, Msambweni, zaidi ya kilomita 20 kusini mwa Ukunda. Kesi ikizidi, ni Mombasa.

Kwenda Mombasa zamani kulimaanisha feri ya Likoni tu, na kila mtu wa Pwani ana hadithi ya foleni ya hapo. Siku hizi kuna barabara ya Dongo Kundu, inayotoka upande wa Miritini, inapita juu ya maji kwa madaraja ya Mwache na Mteza, na kukutoa kwa barabara ya Lunga Lunga bila feri. Lakini ni ndefu kama unaenda kisiwani, na matatu nyingi za Ukunda bado zinaishia Likoni. Mama akiwa mjamzito, hii hesabu ifanyeni mkiwa na miezi mitano, sio tisa.

Tafuta dereva mmoja wa tuktuk anayelala mtaa wenu. Mjue jina, mpe kazi ndogo za mchana, weka namba yake kwa simu zenu zote mbili. Mimi huyo wangu namlipa hata wakati mwingine sina safari ya maana.

Malaria nayo iko. Mtoi aliyezaliwa Nairobi hajaizoea. Neti kila usiku, na homa ikipanda, mpeleke akapimwe siku hiyo hiyo, usianze na panadol za dukani kwanza.

Shule na barabara

Kwa PP1 na PP2, jambo la kwanza kuuliza ni kama mtoi atavuka barabara kuu. Malori na matatu za Lunga Lunga haziongopi mtu. Piga hesabu hivi: tuseme keja ya ndani ni rahisi kwa thao mbili, lakini unalipa boda soo kwenda na soo kurudi. Siku 20 za shule ni thao nne. Sasa hiyo keja imekuwa ghali, na mtoi wako bado anabebwa na boda bila helmeti.

Mei inakuja

Kazi za utalii zinafuata jua. Agosti na Desemba kunajaa. Aprili hadi Juni mvua ya masika inanyesha, mwani unajaa ufuoni, hoteli zingine zinafunga au kupunguza wafanyikazi, na mpishi aliyekuwa anaomoka Januari anaambiwa apumzike kidogo. 2020 ilikuwa mbaya zaidi: ndege za abiria kutoka nje zilisimama kuanzia Machi hadi 1 Agosti, na Kwale ilikuwa kati ya kaunti zilizofungwa watu wasiingie wala kutoka. Mji mzima ulihisi.

Kwa hivyo kama mshahara wako utatoka hotelini, chagua keja ambayo ungeweza kuilipa na mshahara wa Mei. Ukiweza, kuja Mei yenyewe ukodishe chumba wiki mbili tatu kabla ya kuhamisha kabati. Utaona ni paa gani linavuja, ni njia gani inageuka ziwa, ni duka gani bado limefunguliwa.

Majirani

Huku ni kwa Wadigo, na wengi ni Waislamu. Adhana ya alfajiri utaisikia. Baada ya wiki mbili hutaamka. Vaa kama mtu aliye na wazazi ukitoka bichi kuingia mtaani, wavulana pia. Ukifika, nenda kwa mzee wa mtaa ujitambulishe, wewe na mama watoto. Shikamoo kwa wakubwa, na usianze maneno kabla ya salamu kuisha, hata kama gesi imeisha. Mama fulani jirani atamjua mtoi wako kwa jina ndani ya siku tatu, na siku akipotea karibu na soko, ni yeye atamrudisha.

Ya kuhama: lori lipitie Dongo Kundu, mwambie dereva hivyo mapema asije akakuuzia bei ya foleni ya Likoni. Vyuma vya bei rahisi viache Nairobi, hewa ya chumvi itavikula. Godoro, neti na sufuria zitangulie. Feni nunua ukishafika, siku hiyo hiyo, kabla giza.