Msafara wa Vizibo

Mtu wa umri wangu akisema kwamba anacheza gemu za kompyuta, wenzake humtazama mara mbili. Wengine hudhani anatania, wengine humwonea huruma. Nimezaliwa mwaka 1950. Nimefundisha shule za msingi, nimekuwa mkufunzi wa historia, na nimemaliza utumishi wangu nikiwa mkuu wa chuo cha ualimu. Siku hizi, baada ya chakula cha jioni, hukaa mbele ya kompyuta nikapigana, nikasafiri, na mara nyingi nikafa njiani. Sioni haya kulisema. Ninaloonea haya ni jambo jingine, nalo nitalieleza mahali pake.

Mambo yalianza mwezi Machi mwaka 2020, shule zilipofungwa kwa sababu ya ugonjwa wa Korona. Mjukuu wangu, aliyekuwa kidato cha tatu, aliletwa kwetu Morogoro akiwa na begi la vitabu na kompyuta mpakato. Begi halikufunguliwa mara nyingi. Nilipomkaripia, alinivutia kiti akanipa mashine ile nijaribu mwenyewe. Ulikuwa mchezo wa vita. Nilikuwa bado natafuta miwani yangu nikasikia anacheka.

"Babu, umekufa."

"Nimekufaje, na mimi nilikuwa nasoma maelezo?"

"Hapa hakuna kusoma, Babu. Hapa ni kupiga tu."

Jibu lile lilinikaa moyoni, maana lilithibitisha niliyokuwa nikiyaamini bila kuyachunguza: kwamba gemu ni kelele za kupotezea muda. Lakini mwalimu wa historia hawezi kukaa na kitu nyumbani mwake bila kuuliza kilitoka wapi. Nikaanza kuuliza na kusoma, na kila niliposoma juu ya gemu fulani, nilimwomba kijana anitafutie niicheze.

Niligundua kwamba gemu zina koo mbili, nazo zilizaliwa karibu wakati mmoja. Mwaka 1978 Mjapani Tomohiro Nishikado wa kampuni ya Taito alitoa mchezo uitwao Space Invaders. Maadui hushuka kutoka juu kwa safu, nawe uko chini unawapiga risasi. Kadiri unavyowapunguza, ndivyo waliobaki wanavyozidi mwendo, kwa sababu mashine ya wakati ule ilipobakiwa na vitu vichache vya kuchora ilivichora upesi zaidi. Ukimaliza safu hizo, zinakuja nyingine. Hakuna kushinda kabisa. Mchezo unakwisha wewe unapokwisha. Huo ndio ukoo wa mapambano.

Ukoo wa pili ni wa hadithi. Kati ya mwaka 1975 na 1976 Mmarekani Will Crowther, mtu aliyependa kuingia mapangoni na kuyachorea ramani, alitunga mchezo wa pango usio na picha hata moja. Kompyuta inakuandikia mahali ulipo, nawe unaiandikia unataka kwenda wapi au kuchukua nini. Alitaka mabinti zake wapate kuucheza. Mwaka 1977 Don Woods akauongeza na kuukuza. Mchezaji aliyekaa kitako, asiyesikia mlio wa bunduki, aliweza kupotea gizani kwa saa nzima.

Wachezaji wengi huchagua ukoo mmoja na kuudharau mwingine. Mjukuu wangu alisema gemu za hadithi ni za kulaza watoto. Mimi nilisema za mapambano ni za watu wasiotaka kufikiri. Tulibishana hivyo kwa wiki kadhaa, mpaka nilipokutana na mchezo mmoja wa kale ambao ulinyamazisha ubishi wangu na kunirudisha, bila kutaka, kwenye uwanja wa shule moja ya msingi mwaka 1994.

Mchezo huo ni The Oregon Trail. Ulianza mwaka 1971 katika jimbo la Minnesota, Marekani, na aliyeuanzisha hakuwa fundi wa kompyuta. Alikuwa mwalimu mwanafunzi aliyekuwa katika mazoezi ya kufundisha, jina lake Don Rawitsch. Alipangiwa kufundisha historia ya wahamiaji waliovuka bara la Marekani kwa magari ya kukokotwa na maksai katika karne ya 19, safari ya kilomita zipatazo 3,200 kutoka Missouri hadi Oregon. Aliogopa kwamba somo lingewachosha watoto. Akachora ramani ya njia ile kwenye karatasi, akakusudia kuifanya mchezo wa kutupa dadu. Wenzake wawili waliokaa naye nyumba moja, Bill Heinemann na Paul Dillenberger, nao walimu wanafunzi lakini wa hisabati, waliiona ramani ile wakasema jambo hili linaweza kuwekwa kwenye kompyuta. Waliandika programu yake kwa muda wa wiki mbili hivi.

Shule za wakati ule hazikuwa na kompyuta zenye vioo. Zilikuwa na mashine mfano wa taipureta, iliyounganishwa kwa simu na kompyuta iliyokuwa mbali, ikichapa majibu kwenye karatasi. Watoto waliizunguka mashine moja. Walipewa fedha kidogo, wakaamua wenyewe: kiasi gani kwa maksai, kiasi gani kwa chakula, risasi, nguo na dawa. Aliyebana fedha kwenye nguo aliipata baridi milimani. Na walipotaka kuwinda, mashine iliwataka waandike neno BANG, yaani mlio wa bunduki, upesi na bila kukosea herufi. Ukichelewa, mnyama amekimbia na watu wako wanalala njaa.

Hapo ndipo niliposhikwa. Huo mchezo ni wa hadithi au wa mapambano? Mkono unafanya haraka kama katika mapambano, lakini matokeo ya mkono yanaingia katika hadithi na kukaa humo. Katika toleo la mwaka 1985, lenye picha, unaweza kuua nyati wengi upendavyo, lakini nyama unayoweza kubeba kurudi kwenye gari haizidi ratili 100. Mara ya kwanza niliua wanyama mpaka risasi zikawa chache, nikabeba ratili zangu 100 na kuacha mizoga ikioza. Siku chache baadaye nilihitaji risasi, sikuwa nazo. Hakuna mtu aliyenihubiria juu ya ubadhirifu. Nilikuwa nimehubiriwa na mkono wangu mwenyewe.

Rawitsch alipoajiriwa mwaka 1974 na shirika la jimbo lililosambaza kompyuta mashuleni, aliuandika tena mchezo wake kutoka kwenye karatasi alizokuwa amezihifadhi. Safari hii alisoma shajara za wahamiaji wenyewe ili magonjwa, ajali na hali ya hewa vitokee kwa kadiri vilivyotokea kweli. Haukuwa mchezo usio na dosari. Uliitazama safari kwa jicho la wahamiaji, ilhali nchi waliyoipita ilikuwa na wenyewe. Miaka mingi Wenyeji wa Marekani walionekana humo kama hatari au kama msaada wa njiani, si kama watu wenye historia yao. Toleo la mwaka 2021 liliwashirikisha wanahistoria wa Wenyeji hao ili kusahihisha. Hilo pekee lilihitaji miaka 50.

Sasa nieleze lililonifanya niweke kalamu chini nilipoisoma habari hiyo.

Mwaka 1994 nilikuwa mkufunzi, na kazi yangu msimu wa mazoezi ilikuwa kuzunguka mashuleni na fomu ya tathmini, nikiwapima wanachuo wakifundisha. Asubuhi moja nilifika katika shule iliyokuwa mbali na barabara, nikakuta darasa la sita limebaki tupu. Kelele zilitoka uwanjani. Mwanachuo wangu, kijana mwembamba asiyesema sana, alikuwa amechora kwa majivu njia ndefu ardhini. Mwanzo wake Bagamoyo, kisha Mpwapwa, Ugogo, Tabora, na mwisho Ujiji. Somo lilikuwa biashara ya misafara katika karne ya 19. Watoto walikuwa wamegawanywa makundi matano, kila kundi na rundo la vizibo vya soda. Vizibo vilivyolala kifudifudi vilikuwa doti za merikani, vilivyolala chali vilikuwa shanga. Walitupa dadu lililochongwa kwa mti wa muhogo. Ikija moja, mvua imefurika mto. Ikija mbili, wapagazi wametoroka usiku. Walipofika Ugogo walisimama mbele ya mtoto aliyejifanya mtemi, wakabishana naye juu ya hongo, neno ambalo enzi hizo lilikuwa ushuru wa njia kabla halijawa jina la rushwa.

Walikuwa wakipiga kelele kweli. Kundi moja lilikuwa linagombana kama wamwache mpagazi mgonjwa au wampe vizibo viwili vya dawa. Mimi niliangalia andalio la somo, nikaona limetaja "maelezo ya mwalimu" na "maswali na majibu". Nikaangalia ubaoni, mweupe. Nikajaza fomu kwa wino: darasa halina nidhamu, mbinu hailingani na maandalizi, malengo ya somo hayakufikiwa. Nilimpa alama ya kushindwa. Alitakiwa kurudia mazoezi mwaka uliofuata, naye hakurudi chuoni. Sikumtafuta. Tulikuwa na wanachuo wengi.

Kijana yule hakuwa amesikia habari za Minnesota, wala mimi. Wote wawili, yeye na Rawitsch, walikuwa walimu wanafunzi, walikuwa na somo la safari ndefu, na waliogopa kuwachosha watoto. Mmoja alipata wenzake wawili waliosema tuijaribu. Mwingine alinipata mimi.

Tangu nilipoyatambua hayo, maoni yangu juu ya gemu yamebadilika, na nitayasema kwa ufupi. Sibagui tena hadithi na mapambano. Nauliza kama tendo la mchezaji linaacha kitu nyuma yake. Gemu ya mapambano ambayo unaua mia na hakuna kinachobadilika ni mazoezi ya vidole, kama kuruka kamba, na kuruka kamba si dhambi. Na gemu ya hadithi ambayo mchezaji anabonyeza tu ili asomewe sura inayofuata haina tofauti na vipindi vyangu vya zamani, nilipokuwa nikiwasomea wanachuo noti nao wakinakili mpaka kengele. Nimecheza zote mbili, na zote mbili nimesinzia.

Iliyoninyima usingizi ni This War of Mine, iliyotolewa mwaka 2014 na kampuni ya Poland iitwayo 11 bit studios. Waliotunga walichota katika kuzingirwa kwa mji wa Sarajevo, kulikoanza mwaka 1992 na kumalizika 1996. Humo wewe si askari. Wewe ni raia wachache ndani ya nyumba iliyobomoka, mna njaa, na usiku mmoja wenu hutoka kutafuta chochote. Mwaka 2020 serikali ya Poland iliiweka katika orodha ya kazi zinazopendekezwa kwa wanafunzi wa sekondari, na nilipoicheza nilielewa sababu. Usiku mmoja nilimtuma mtu wangu kwenye nyumba ya wazee wawili, mume na mke. Walikuwa na chakula na dawa. Mtu wangu nyumbani alikuwa mgonjwa. Wazee wale hawakuwa na silaha. Mzee alinifuata nyuma akiniomba nisivichukue.

Nilivichukua. Mjukuu wangu, aliyekuwa amekaa pembeni, hakucheka.

"Babu, wale watakula nini?"

Mke wangu alikuwa jikoni wakati huo, nikamsikia akifunika sufuria. Sikumjibu kijana. Asubuhi ya mchezo watu wangu walikuwa wameshiba, lakini walikaa wameinamisha vichwa, wanajutia walichokula. Nimefundisha vita vikuu vya dunia kwa zaidi ya miaka 20, kwa tarehe na sababu na matokeo, na sijui kama nilipata kumfikisha mwanafunzi yeyote mahali nilipofikishwa usiku ule.

Mwaka 2022 nilikuwa kwenye msiba wilayani, na bwana mmoja mwenye gari la mizigo alinijia, akaniamkia, akasema ananikumbuka. Alikuwa mmoja wa watoto wa darasa lile la sita. Hakukumbuka jina langu, alikumbuka miwani na fomu. Nilimuuliza kama kuna lolote la historia alilobaki nalo.

"Mwalimu, sisi kundi letu tuliishia Ugogo," alisema. "Tulimaliza doti zote kwa kiburi pale mwanzoni. Mpaka leo nikipakia mzigo wa safari ndefu, nakumbuka vizibo."

Nilimuuliza kama anajua aliko mwalimu wake yule. Hakujua. Alisikia tu kwamba alikwenda machimboni.

Mwenye kusoma kurasa hizi, ukiwa mwalimu au mkaguzi, kesho utakuta darasa limetoka nje na kuna kelele. Simama kidogo usikie watoto wanagombania nini kabla ya kufungua kalamu. Na kama kijana yule mwembamba, ambaye sasa ni mtu mzima wa kutosha, yu hai na kitabu hiki kimemfikia, napenda ajue kwamba malengo ya somo lake yalifikiwa, na fomu ile niliijaza vibaya.