Meza ya Kuandikia Katika Maboma ya Meru na Embu

Ofisi ya nyumbani, yaani chumba au pembe ya nyumba iliyotengwa kwa kazi ya kalamu, hesabu na mashauri, huelezwa mara nyingi kana kwamba ilizaliwa Machi 2020, wakati serikali ya Kenya, siku mbili baada ya kutangaza mgonjwa wa kwanza wa korona, ilipowataka waajiri wawaruhusu watumishi wao kufanyia kazi nyumbani. Kwa wakazi wa Meru na Embu, kwenye miteremko ya mashariki ya Mlima Kenya, maelezo hayo hayatoshi, kwa maana huko shughuli za umma zilikaa nyumbani kwa watu muda mrefu kabla ya kuwapo jengo lolote la serikali, na zilipohamia ofisini hazikuhama zote.

Kwa Waembu, thingira, ambayo ni nyumba ya mume iliyosimama peke yake kando na nyumba za wake zake, ndimo mwenye boma alimopokelea wageni, alimojadili mahari na mipaka ya mashamba, na alimowafunza wanawe. Samani zake zilikuwa chache, moto na vigoda tu, lakini mpango wake ulikuwa na kanuni iliyodumu kuliko nyumba yenyewe: mgeni mwenye shauri amfikie mwenyeji bila kupita penye shughuli za jikoni. Hata leo, katika nyumba nyingi za mawe za eneo hili, chumba cha kazi huwekwa karibu na mlango wa mbele, jirani na sebule, wala si ndani karibu na vyumba vya kulala, na mbele ya meza huwekwa viti vya wageni hata pale ambapo kazi yote ya mwenye chumba iko kwenye kompyuta.

Meza iliingia pamoja na karatasi. Waingereza walianzisha kituo cha utawala Embu mwaka 1906 na Meru mwaka 1908, kituo hiki cha pili kikiwa chini ya E. B. Horne, na machifu waliowateua walitakiwa kusimamia kodi na amri ambazo sasa ziliandikwa. Misheni nazo, zikiwamo ile ya Wamethodisti iliyofunguliwa Kaaga mwaka 1912 na ile ya Chogoria iliyoanzishwa na Daktari Archibald Irvine mwaka 1922, zilieneza kusoma na kuandika, na kwa hiyo zikazaa kundi la watu ambao kazi yao iliwafuata nyumbani jioni, yaani walimu, makatekista na makarani.

Mkulima naye alipata karatasi zake baadaye kidogo. Katikati ya miaka ya 1930 Waafrika wa Meru, Embu na Kisii walikuwa wa kwanza nchini kuruhusiwa kupanda kahawa, zao ambalo hadi wakati huo lilikuwa la walowezi. Vyama vya ushirika vikafuata chini ya sheria ya 1945, na Mpango wa Swynnerton wa 1954 ukaleta ukusanyaji wa vipande vya ardhi na hatimiliki. Stakabadhi za kilo zilizopelekwa kiwandani, hati ya shamba na risiti za karo zilihitaji mahali pa kukaa, na mahali hapo palikuwa sanduku la bati chini ya kitanda, ambalo kwa haki linastahili kuitwa kabati la kwanza la mafaili katika eneo hili.

Kilichoamua hasa mahali pa meza, hata hivyo, kilikuwa mwanga. Mwalimu aliyesahihisha madaftari usiku aliisogeza meza kwenye koroboi, ile taa ndogo ya bati na utambi, mara nyingi kwenye meza ileile ya chakula, jambo lililofanya chumba cha pekee kiwe anasa isiyo na faida. Ni kejeli ya historia kwamba mabwawa ya umeme ya Mto Tana, Kindaruma mwaka 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981 na Kiambere 1988, yalijengwa kandokando ya Mbeere, upande wa chini wa Embu, huku nyaya zikipita juu ya maboma yaliyobaki gizani kwa miaka mingi. Mchana nao una hesabu yake: kwa kuwa Ikweta inapita karibu kabisa na mji wa Meru, dirisha la mashariki au magharibi huingiza jua kali la asubuhi au jioni moja kwa moja mezani, ilhali la kaskazini au kusini hutoa mwanga uliotulia.

Kuhusu mbao, eneo hili lilibarikiwa kupita kiasi. Muuru, mti ambao wataalamu huuita *Vitex keniensis* na wafanyabiashara huujua kama mwaloni wa Meru ingawa hauna udugu na mialoni ya Ulaya, hutoa ubao wa rangi ya kahawia unaopendwa kwa samani, na misitu yenye mvua ya upande wa Embu na Chuka ilikuwa na mikafuri mikubwa isiyooza upesi. Sifa hizo ndizo zilizoiponza miti hiyo. Uchunguzi wa angani uliofanywa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori mwaka 1999 ulionyesha ukataji haramu mkubwa, hasa wa mikafuri, na muuru sasa umo katika orodha ya kimataifa ya miti iliyo hatarini. Februari 2018 serikali ilisimamisha ukataji katika misitu ya umma, hatua iliyozidi kuwasukuma maseremala kwenye miti ya mashambani, hasa mgrevilea, mti wa asili ya Australia ulioenea kwenye mipaka ya mashamba ya kahawa na chai.

Mgrevilea si mti duni, ila ukichongwa ungali mbichi hupinda na kupasuka, na meza nyingi zinazouzwa kando ya barabara huharibika kwa sababu hiyo wala si kwa ubovu wa fundi. Anayepanga ofisi nyumbani Meru au Embu leo na amuulize seremala kwanza mbao zimekatwa wapi na zimekaushwa kwa muda gani, kisha ndipo azungumze bei.