Transiva: Kidude Kilichoifikisha Faiba Hadi Kiminini

Mwaka 2009 ndio mwaka Kenya ilipoachana na intaneti ya kutegemea setilaiti pekee. Mkonga wa TEAMS kutoka Fujairah ulifika Mombasa mwezi Juni, na ule wa SEACOM ukaanza kazi tarehe 23 Julai. Bara nako mitaro ilikuwa ikichimbwa kando ya barabara kuu ili kutandaza NOFBI, mtandao wa taifa wa faiba ulioanza kujengwa mwaka 2007. Siku hizo gumzo lote lilihusu mikonga. Lakini uzi wa kioo peke yake hausemi neno. Kila upande lazima pawepo kifaa cha kugeuza umeme uwe mwanga, na mwanga urudi kuwa umeme. Kifaa hicho ni transiva. Mafundi wa Kitale na Bungoma hukiita SFP, basi.

Ni kipande cha chuma chenye urefu wa milimita 56.5, upana wa 13.4 na kimo cha 8.5. Nyuma kina ulimi wenye miguso 20 ya dhahabu inayoingia ndani ya swichi. Mbele kina matundu mawili, moja la kutuma na jingine la kupokea, yaliyozibwa kwa plastiki ili vumbi lisiingie. Kina kishikio kidogo cha kukichomolea, na kikiwa cha buluu mara nyingi maana yake ni leza ya nanomita 1310. Hukichomeki wala kukichomoa kwa kuzima mashine. Kazi hufanyika mtandao ukiendelea. Mwanga wake hauonekani kwa jicho, ndiyo maana fundi mwanagenzi huonywa mapema asichungulie tundu wala ncha ya waya.

Asili yake ni mbali na faiba. Mnamo 1990 watengenezaji wa vifaa vya kompyuta waliunda Kamati ya SFF ili wakubaliane vipimo vya diski za kompyuta za mkononi. Kamati hiyo hiyo ndiyo iliyochapisha mwaka 1995 vipimo vya GBIC, transiva kubwa iliyotangulia. Mwaka 1998 taasisi ya wahandisi ya IEEE ikapitisha kanuni za kupeleka gigabiti moja kwa sekunde juu ya faiba. Hapo ndipo matundu mengi yalipohitajika kwenye swichi moja, na GBIC ikaonekana inakula nafasi. Mnamo Septemba 2000 kampuni zaidi ya kumi, zikiwemo Agilent, Finisar, Infineon, IBM na Lucent, ziliafikiana juu ya SFP, na Mei 2001 vipimo vyake vikachapishwa. Kampuni hizo zilikuwa zikishindania wateja wale wale. Zilikubaliana kwa sababu mnunuzi mkubwa haweki mtandao wake mikononi mwa kiwanda kimoja. Kikiungua au kikipandisha bei, naye ameangamia.

Watu wa Trans Nzoia wanaifahamu faida ya makubaliano ya namna hii. Reli ilipofika Kitale mwaka 1926 ilikuwa na upana ule ule wa mita moja uliotumika tangu Mombasa, kwa hiyo behewa lililopakiwa mahindi Kitale lingeweza kwenda hadi Kilindini bila mzigo kuhamishwa.

Kuna jambo watu wengi hulichanganya. IEEE husema mwanga uweje: rangi yake, nguvu yake, umbali wake. Umbo la kidude, miguso yake na maandishi yaliyomo kwenye kumbukumbu yake hutoka katika makubaliano ya watengenezaji. Transiva halali lazima itimize yote mawili.

Na ni ndani ya kumbukumbu hiyo ugomvi ulipozaliwa. Kila SFP ina chipu ndogo inayoeleza yenyewe ni nani. Baiti ya 20 hadi ya 35 ni jina la mtengenezaji, ya 40 hadi ya 55 ni namba ya modeli, ya 68 hadi ya 83 ni namba ya utambulisho wa kipande chenyewe. Baiti za 96 hadi 127 ziliachiwa watengenezaji wazitumie wapendavyo. Baadhi ya wauzaji wakubwa wa swichi waliweka humo msimbo wao wa siri, na swichi zao zikaanza kukataa kila kidude kisicho nao, hata kama kimetimiza kila kipimo. Mteja akajikuta akilipa mara kadhaa zaidi kwa ajili ya jina. Kwa maoni yangu, huko ni kuyavunja makubaliano ya 2000 kwa mlango wa nyuma, na anayeumia zaidi ni mtoa huduma mdogo wa mji kama Kiminini anayejitahidi kuwauzia majirani intaneti kwa bei wanayoimudu.

Kufuli hilo limezaa ubaya wa pili. Kwa kuwa swichi inasoma jina, walaghai nao huandika jina. Kidude hafifu hupewa maandishi ya kampuni kubwa na lebo ya kilomita 10, nacho hakifiki. Kutoka Kitale hadi Kiminini, ukifuata barabara ya Webuye, ni zaidi ya kilomita 10. Kwa mwanga wa nanomita 1310 kila kilomita hula takriban desibeli 0.35, kabla hujahesabu maungio. Kanuni ya moduli ya kilomita 10 inaruhusu upotevu wa desibeli 6 tu. Fundi aliyenunua kwa kuangalia lebo ataona taa ya swichi ikiwaka asubuhi na kuzimika jua likipanda, kisha lawama zitamwangukia mchimba mtaro.

Dawa ipo tangu mapema miaka ya 2000. Kanuni iitwayo SFF-8472 iliipa transiva uwezo wa kujipima: joto lake, volti, mkondo wa leza, nguvu inayotuma na nguvu inayopokea. Ni suala la kuandika amri moja kwenye swichi na kusoma. Transiva inaweza kudanganya jina lake kwa urahisi, lakini nguvu ya mwanga ikipimwa kwa mita upande wa pili, uongo haudumu.

Kwa upande wa sheria hatuko mikono mitupu. Tuna Sheria ya Habari na Mawasiliano ya 1998 na kanuni za 2010 za kuidhinisha vifaa vya mawasiliano. Shirika la viwango, KEBS, nalo limekuwa likitaka bidhaa zikaguliwe kabla hazijasafirishwa kuja nchini tangu 2005. Lakini ukaguzi huo hauwezi kuchomeka kila kidude.

Kwa hiyo kazi inabaki kwa mnunuzi. Bodi ya shule, hospitali ya kaunti au ofisi ya wadi inayotangaza zabuni ya faiba Kiminini, Kimilili au Webuye isiandike jina la kampuni. Iandike kanuni, umbali na kiwango cha joto. Siku ya kukabidhiwa kazi, idai karatasi yenye vipimo vya mwanga vya pande zote mbili. Mkandarasi asiyeweza kuitoa asilipwe.