Tumbusi na ndege ndogo

Tarehe 10 Januari 1959, ndege ndogo iliyopakwa milia kama pundamilia iligongana na tumbusi, yaani tai mzoga, huko Serengeti, ikaanguka. (Hapa nikisema ndege, nasema chombo.) Rubani, Michael Grzimek, Mjerumani aliyekuwa akihesabu wanyama kutoka angani pamoja na baba yake, alifariki akiwa na miaka 24. Kaburi lake liko ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro.

Tumbusi mkubwa hufikia kilo 8. Jua likishapasha ardhi, hupandishwa na hewa ya moto bila hata kupiga mabawa, akazunguka palepale zinapopita ndege ndogo. Kinachomvuta karibu na kiwanja ni chakula: mizoga, matumbo ya machinjioni, jalala. Msikilizaji, ng'ombe wako akifia jirani na kiwanja, ufukie mzoga siku hiyohiyo. Ndege inayotua hapo huenda imekuja kumchukua mgonjwa.