Ripoti Mbili juu ya Umaskini: Uingereza, 1909

Mabishano juu ya chanzo cha umaskini hayakuanza katika siku zetu. Sheria ya Maskini iliyopitishwa Uingereza mwaka 1834 ilijengwa juu ya dhana kwamba msaada huzaa uvivu. Kwa hiyo mwenye nguvu aliyeomba msaada alitakiwa kuingia katika nyumba ya kazi, ambamo maisha yalikusudiwa kuwa magumu kuliko ya kibarua wa chini kabisa.

Mwaka 1905 iliundwa Tume ya Kifalme kuichunguza sheria hiyo. Wajumbe waliwasikia mashahidi wale wale, lakini mwaka 1909 walitoa ripoti mbili. Walio wengi, akiwamo Helen Bosanquet, walizikiri kasoro za sheria, ila wakatilia mkazo tabia ya mtu binafsi na kazi ya vyama vya hisani. Wanne tu, wakiongozwa na Beatrice Webb, walishikilia kwamba ukosefu wa ajira, ugonjwa na uzee humwangusha hata mwadilifu. Basi taifa na lizuie umaskini kabla haujaingia nyumbani. Mmoja wa wanne hao alikuwa kasisi wa Kianglikana, Henry Russell Wakefield.

Serikali haikuifuata ripoti yoyote kwa ukamilifu. Sheria yenyewe ilifutwa mwaka 1948, baada ya ripoti ya William Beveridge ya mwaka 1942 juu ya hifadhi ya jamii.

Wajumbe wale hawakukosana juu ya ushahidi tu, bali juu ya namna ya kumtazama jirani. Mhudumu wa diakonia naye, kabla hajaunyosha mkono, huwa amekwisha kuamua moyoni kwa nini huyu ni maskini. Uamuzi huo ndio unaopaswa kuchunguzwa kwanza.